Betri Iliyopumzika

Mwanamke aliingia dukani akiwa na betri kichwani. Haikuwa betri ya pikipiki. Ilikuwa moja ya zile ndefu, nyeusi, zinazotolewa kwenye minara ya simu zikichakaa, na ngata ya khanga iliyokuwa chini yake ilikuwa imelowa jasho. Alisimama mlangoni shingo ikiwa wima, macho yakitutafuta bila kichwa kugeuka.

"Nitueni," alisema.

Mjomba Jafari akatoka nyuma ya kaunta, nami nikashika upande wa pili, tukaiteremsha mpaka sakafuni. Mgeni akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatoka tena bila kueleza kitu, akarudi yeye na dereva wa bajaji wakiwa wamebeba ya pili. Hatukumjua. Hakuuliza bei ya chochote.

"Nimeambiwa hapa yupo binti aliyesomea betri."

"Yupo," mjomba alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Kasoma mpaka kavalishwa joho. Sasa ananiuzia vioo vya simu."

Mwanamke hakucheka. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kukanyaga.

"Nataka uniambie hizi zitakaa muda gani. Usiniambie zitakaa sana, wala usiniambie zitakaa kidogo. Hayo nimeshaambiwa na kila fundi wa mji huu. Baba yangu anapumulia hizi."

*

Nilikuwa nimerudi Mtwara mwaka huo huo. Chuo kilikuwa kimeniachia cheti, kompyuta yenye bawaba iliyolegea, na imani kwamba mtu akipima kwa uangalifu, kisha akasema alichokipima bila kuongeza kitu, dunia itapungua uzito kidogo. Imani hiyo ilikuwa bado nzima. Kilichochoka kilikuwa kila kitu kingine. Nilikuwa nimeomba kazi bandarini, nimeomba kwenye kampuni za gesi, nimeomba hata kwenye utafiti wa korosho kule Naliendele, ambako nilijua fika hawana haja na mtu wa saketi. Asubuhi niliamka na nguvu. Ikifika adhuhuri, nikiwa nimebandika vioo na kusikiliza wateja wakilalamikia chaja, nguvu zilikuwa zimekwisha na sikujua zimekwenda wapi.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa modeli ya betri. Watu wakisikia hivyo hudhani nilitengeneza betri. Hapana. Niliandika namna kompyuta inavyoweza kujifanya betri, ili anayesanifu saketi ajue mapema itakavyokuwa, kabla hajaunganisha waya hata mmoja. Kwa mwanafunzi anayeanza, betri ni mistari miwili kwenye mchoro, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na volti zake hazibadiliki milele. Betri ya namna hiyo haipo. Betri ya kweli ina ukinzani ndani yake, kwa hiyo ukiivuta, sehemu ya nguvu inapotelea humo humo. Inashuka kadiri inavyotumika. Inazeeka. Joto linaibadilisha. Na ina tabia moja iliyonichukua muhula mzima kuiweka sawa: ukiivuta sana, kisha ukaiacha, volti zinapanda zenyewe taratibu, kama zimepata chakula. Hazikupata kitu. Ni kemikali zilizokuwa zimezidiwa karibu na bamba, sasa zinajipanga upya. Katika modeli unaweka kapasita moja ndogo na ukinzani kando yake. Kapasita inajimwaga polepole, na mstari kwenye skrini unapanda kwa uongo ule ule wa betri halisi.

Nilipata alama nzuri. Mwalimu aliyenisimamia alisema nimefanya kazi ya subira. Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.

*

Jina lake lilikuwa Deolinda. Familia yao ilivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita na kulima kwenye visiwa vya mlangoni mwa mto, pale Ruvuma inapogawanyika ndani ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Kijiji chao kila mtu alikiita Ng'ambo. Jina jingine sikulisikia.

Baba yake, Alfredo, alikuwa mpuliza dawa. Kila msimu wa mikorosho alivaa bomba mgongoni na kupuliza salfa, shamba baada ya shamba, kitambaa mdomoni na mara nyingi bila hata kitambaa, akirudi jioni akiwa wa manjano kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Daktari hakusema kwamba ni salfa. Alfredo mwenyewe ndiye aliyesema. Sasa aliishi kwa binti yake huyu, mtaa wa Chikongola, mrija mwembamba wa plastiki puani na mashine ya oksijeni kando ya kitanda ikinguruma kama friji. Umeme ukikatika, inveta ilivuta nguvu kwenye betri hizi mpaka umeme urudi. Hilo walikuwa wamelizoea.

Jipya lilikuwa Aida. Alikuwa binti wa Deolinda, lakini Alfredo ndiye aliyemlea huko Ng'ambo wakati mama yake akihangaika mjini. Sasa Aida alikuwa ndani, unyagoni, kwa bibi zake. Jumamosi ya wiki iliyofuata angetolewa: angeletwa nje amefunikwa khanga, uso chini, afunuliwe mbele ya watu wake, na kuanzia hapo asingekuwa mtoto tena. Alfredo alikuwa amesema lazima amwone anafunuliwa.

Mtungi wa oksijeni hospitali hawautoi nje ya wodi. Jenereta walijaribu kukodi, na moshi wake, hata lilipowekwa nyuma ya nyumba, ulimkohoza mpaka midomo ikageuka rangi. Gari linaishia ukingoni mwa mkono wa maji. Kuanzia hapo ni mtumbwi, halafu machela. Ng'ambo hakuna umeme, na sola za watu zinatosha taa na redio.

"Nimemwambia asiende," Deolinda alisema. "Ananijibu atakwenda na mashine au bila mashine. Nikifunga mlango atatokea dirishani. Na dirisha lina nondo."

Mjomba Jafari, ambaye alikuwa akijifanya anapanga kava za simu, aliacha kupanga.

"Acha betri zako hapa, mama," alisema. "Huyu ana subira ya kuzipima."

*

Niliziweka nyuma ya duka, nikazijaza, kisha nikazifungia taa kuu za lori zilizotoka gereji ya jirani, ziwe mzigo wa kuvuta. Kutwa nzima nilikaa hapo juani nikipima volti na mkondo, na kesho yake hivyo hivyo.

"Injinia," mjomba aliniita kutoka ndani, "hizo taa unamwashia nani, na jua lote hili?"

Betri moja ilikuwa imezeeka kuliko mwenzake. Niliirekebisha modeli, nikaongeza ukinzani, nikapunguza uwezo, mpaka mstari wa kompyuta ukalala juu ya vipimo vyangu na sikuweza kuutenganisha kwa macho. Kisha nikaondoa taa za lori kwenye saketi ya modeli, nikaweka mashine ya oksijeni. Nikaweka kinachopotea kwenye inveta. Nikaweka joto la Desemba. Nikaendesha.

Mstari ulianza asubuhi, ukashuka kwa utulivu mpaka mchana, ukashuka tena mpaka alasiri, halafu ukavunjika na kuanguka, kama mtu anayekaa chini ghafla bila kutafuta kiti.

Kwa hiyo inawezekana. Alfredo angeweza kwenda, angeweza kukaa na watu wake, na angeweza kurudi kwenye gari, ambako injini ingechukua kazi. Lakini si mpaka magharibi. Kulikuwa na namba moja ya kuangalia: volti kumi na moja nukta nane, mashine ikiwa inafanya kazi. Mita ikifika hapo, kilichobaki ni cha njia ya kurudi tu.

Deolinda aliposikia alikaa kwenye gunia la waya, akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Alikuwa anapumzika.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi hanisikii."

*

Alfredo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Shingo ilikuwa imebaki ndogo kuliko ukosi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Myao."

Alifumba macho kama aliyepigwa. "Deolinda. Umeuzunguka mji wote, ukaniletea Myao aje kunipimia pumzi?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa tangu utotoni kumjibu Mmakonde. "Nimekuja kuona kama zimebaki nyingi, babu. Zikiwa za ziada nitabeba."

Alicheka. Kicheko kilimgharimu, tukasubiri mpaka kifua kikatulia.

Huku kwetu kusini mtani anaruhusiwa kusema yasiyosemeka. Mtoto hawezi kumwambia baba yake habari za kufa. Mtani anaweza, tena asiposema anaonekana hana upendo. Nadhani ndiyo sababu nilipata nguvu. Nilifungua kompyuta juu ya shuka, nikamwonyesha mstari, nikamwonyesha pale unapovunjika.

"Mita ikifika hapa, mashine ikiwa inafanya kazi, tunaondoka. Hata kama mwali hajatoka."

"Ngoma haina saa, mtani."

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Alitazama skrini kwa muda mrefu. Mashine ilivuta na kupuliza.

"Daktari nilimdanganya habari za sigara," alisema hatimaye. "Huyu namdanganya kila siku kwamba nimelala. Ninyi watani siwezi. Mtani ukimvunjia neno, anakungoja msibani kwako, akuseme watu wakisikia."

"Nitalala mlangoni na mrija puani," nilisema. "Jeneza likose pa kupita."

"Umeona." Alininyooshea mkono, nao ulikuwa mwepesi kama ganda la muhogo lililokauka. "Ikifika, tunaondoka. Nimesema."

*

Sasa nina kazi. Ofisi ina kiyoyozi na wenzangu ni watu wema, na modeli zangu hupita mikononi mwa wahandisi nisiowajua. Wakati mwingine mkuu wangu huniuliza kwa nini katika kila ripoti ya betri ninaongeza ukurasa kuhusu volti zinazopanda baada ya mzigo kuondolewa, ilhali kila mtu anajua. Ni kweli, kila mtu anajua. Namjibu kwamba nitaufupisha, na siufupishi. Jioni nikifunga kompyuta huwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauifikii. Hapo ndipo ninapowakumbuka.

*

Tuliondoka Mtwara kukipambazuka, dereva mbele, mimi na Deolinda nyuma na Alfredo kwenye godoro, mashine ikivuta nguvu ya injini. Gari lilipofika mwisho wa njia, Ivo alikuwa anatungoja. Alikuwa mwana wa Alfredo, kaka yake Deolinda, kwa hiyo mjomba wa mwali. Siku ile ilikuwa yake karibu sawa na ya baba yake. Alisimama ndani ya maji mpaka magotini, upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi, akitazama tunavyoteremsha mizigo.

"Nimeshavusha chumvi, nimevusha mbuzi, nimevusha maharusi," alisema. "Umeme ndio mara ya kwanza. Unalia?"

"Unanguruma," Alfredo alimjibu. "Kama mama yako."

Mtumbwi ulipenya kwenye vichochoro vya mikoko, mizizi ikiwa nje pande zote, matope yakinuka. Betri zilikaa katikati, mashine miguuni pa mwenyewe. Mimi nilishika mita kama mtu anavyoshika yai.

Ng'ambo walikuwa wameweka kochi kwenye ukumbi wa makuti. Walimkalisha hapo na shati lake jeupe, nikaunganisha kila kitu, na watu wakaanza kuja kumsalimia, mmoja mmoja, wakiinama. Nilihofia ataona haya na mrija ule mbele ya watu. Hakuona. Watoto walipousogelea aliwaambia ni mkonga, kwamba mjini akizeeka mtu anaota mkonga.

Mwali alikuwa kwenye nyumba ya udongo upande wa pili wa uwanja, na wanawake walikuwa wakiingia na kutoka wakiimba. Aliyesimamia yote alikuwa Bibi Somoe, dada wa marehemu mke wa Alfredo, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kukata kuni. Alfredo alimuuliza mtoto atatoka saa ngapi. Alimjibu kwamba watu wa Msumbiji bado hawajafika, na mwali hatolewi upande mmoja wa ukoo ukiwa majini.

Mchana nilikwenda kula. Niliporudi, namba ya mita ilikuwa chini kuliko ilivyopaswa kuwa. Nilifuata waya kwa macho. Kwenye tundu la pili la inveta mtu alikuwa amechomeka waya wa kuunganishia wenye matundu mengi, na mwisho wake, juu ya ungo mkubwa, simu za ukumbi mzima zilikuwa zimelala zinachaji, zimebanana kama dagaa.

"Bibi," nilisema, "hizi ni za nani?"

"Za wageni," Bibi Somoe alisema. "Mtu katoka mbali simu yake imekufa. Umwambie arudi nayo imekufa, na nyumbani kwangu kuna umeme?"

Katika modeli yangu nilikuwa nimeweka joto, uzee wa betri, hata ukinzani wa waya. Sikuweka wageni. Nilichomoa simu moja baada ya nyingine na kuzirudisha kwa wenyewe, nikiomba radhi kwa kila shangazi na kila shemeji, nao walizipokea kwa adabu na kunitazama kama mtu aliyefunika sufuria watu wakiwa bado wanakula.

Jua likahama. Watu wa Msumbiji wakafika, wamelowa, wakicheka, wakapewa maji, wakapewa chakula. Ngoma zikawa zinapashwa kwenye moto wa makuti. Nilikaa chini kando ya kochi na kuacha kutazama kitu kingine chochote zaidi ya mita.

Alasiri ilipoingia, ikafika.

"Imefika," nilisema.

Nilisema polepole, lakini Deolinda alikuwa karibu. Aliinama, akazima mashine. Kimya chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba watu waligeuka.

"Ipumzike kidogo," alisema, bila kunitazama. "Kidogo tu. Akikaa bila kusema neno anaweza kukaa kidogo."

Alfredo alikaa bila kusema neno. Mikono juu ya magoti, mdomo wazi kidogo. Nasi tukaitazama mita. Namba ilisimama, kisha ikaanza kupanda, moja moja, kwa utulivu, mpaka ikapita kumi na mbili na kuendelea.

"Imerudi," Ivo alisema.

"Ndivyo zilivyo," Bibi Somoe akasema. "Sisi betri za redio zikichoka tunazianika juani. Zinaimba tena mpaka taarifa ya habari. Kila kitu kinataka kupumzika."

Watu wakaitikia. Mmoja alisema hata pikipiki yake hufanya hivyo. Walifurahi kwa ajili yangu pia, nadhani. Walikuwa wameniona nilivyokaa siku nzima nimekunja uso. Nami niliitazama namba ile, namba iliyonipa alama nzuri chuoni, nikataka iwe kweli. Nilitaka kwa mwili wote. Nilikuwa nimechoka, na hakuna kitu rahisi kwa mtu aliyechoka kama kukubaliana na watu wema.

"Mtani," Alfredo alisema. Ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti. "Imerudi?"

"Inaonekana imerudi, babu."

"Sijakuuliza inavyoonekana."

Niliwasha mashine. Namba ilishikilia pale juu kitambo, kana kwamba ingetutetea. Kisha ikaanguka. Ikapita kumi na mbili, ikapita kumi na moja nukta nane bila kusimama, ikatulia chini yake. Mrija ulipuliza, na rangi ikaanza kurudi kwenye midomo ya Alfredo.

"Hiyo ya juu ilikuwa uso tu," nilisema. "Ndani hakuna kilichoongezeka."

Uwanjani mpigo wa ngoma ulikuwa umebadilika, na Bibi Somoe akakimbilia kwa mwali. Deolinda alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, wanamvika shanga. Nimewasikia. Ni sasa hivi."

"Nilimwambia ikifika."

"Huyu ni mtoto, mzee," Ivo alisema. "Ana kompyuta yake, sawa. Lakini hata daktari anakosea."

"Nilimwambia."

Nilifungua mdomo. Kila mhandisi anaacha akiba kidogo pembeni ya hesabu zake, nami nilikuwa nimeiacha yangu, ndogo, kwa ajili ya wimbi baya au upondo kukwama. Nilitaka kumpa akiba ile yote. Nilitaka kumwambia, babu, labda kidogo tunaweza. Alikuwa ananitazama, na aliliona neno kabla sijalitoa.

"Usinisaidie, mtani," alisema. "Nikivunja leo, kesho mtu akiniambia namba nyingine sitaiamini. Nami nina namba nyingi zinakuja."

Kisha akamwashiria Ivo alete machela.

Deolinda hakuweza kuja. Mama wa mwali haondoki. Alitufungia mashine kwa khanga yake ili isiteleze, akamfunga baba yake vifungo viwili vilivyokuwa vimefunguka, akarudi uwanjani akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo kwa nguvu.

"Nipitisheni nyuma ya nyumba," Alfredo alisema.

Tulimpitisha, Ivo na vijana watatu kwenye machela, mimi ubavuni na inveta na waya, betri zikiwa vichwani mwa wengine. Ukuta wa udongo ulikuwa na nyufa, na kupitia nyufa tulisikia wanawake wakicheka ndani. Akawaambia wasimame.

"Mke wangu," aliita.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mjukuu wake tangu anatambaa. Mwali akiwa ndani haruhusiwi kumjibu mwanamume. Wakajibu makungwi.

"Mume gani huyu anakimbia siku ya mkewe?"

"Ana haraka. Kaoa mjini."

"Mwambieni mahari aache mlangoni."

Kicheko kikapanda. Alfredo alisubiri kipungue, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kukishinda.

"Mwambieni nilikuja," alisema. "Nimevaa shati jeupe."

Halafu sauti ya Bibi Somoe, ambayo sikuitambua mara ya kwanza kwa jinsi ilivyokuwa ndogo, ikasema, "Amekusikia, shemeji."

*

Maji yalikuwa yameanza kutoka kwenye vichochoro, na Ivo alilazimika kututafutia njia pale penye kina. Nilikuwa nimemwambia kijana mwingine angeweza kutuvusha, ili yeye abaki na mpwa wake. Alinitazama tu, akashika upondo.

Tulikuwa tumekwisha kupoteza kijiji nyuma ya mikoko ngoma zilipopasuka. Kisha vigelegele, vingi, juu ya vingine, visivyokatika. Ametolewa.

Ivo aliuacha upondo hewani. Mtumbwi uliendelea wenyewe kidogo, ukapunguza, ukasimama. Alimtazama baba yake. Hatukuwa mbali. Kama tungegeuza hapo hapo tungefika kabla mwali hajaketishwa, kabla watu hawajamaliza kumtuza, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Nilikuwa na mita mkononi. Hakuna aliyeniuliza inasoma ngapi.

Alfredo alikuwa amefumba macho. Vidole vyake viwili vilikuwa vikigonga kifuniko cha mashine, kwa mpigo wa kule, vikikosea kidogo, vikiukuta tena. Aligonga mpaka wimbo ule ukaisha na mwingine ukaanza. Kisha akafumbua macho, akautazama upondo uliokuwa unadondosha maji.

"Ivo," alisema. "Sukuma."

Ivo akauchoma upondo kwenye tope, akasukuma.